Fundi Anataka Saruji, Ukuta Unataka Chokaa: Maswali ya Wasomaji kuhusu Majengo Kongwe ya Umma

Barua za safari hii zinatoka kwa watu waliokabidhiwa mzigo wa aina moja: jengo la umma la mawe, la mwambao, lililojengwa kabla zege halijaenea, ambalo sasa linatakiwa kukarabatiwa na kuongezewa nafasi kwa pamoja. Tumezifupisha na kuondoa majina ya majengo. Someni zote hata kama yenu ni moja, maana jibu la mmoja linamgusa mwenziwe.

Shikamooni wahariri. Maktaba yetu ya mji ni jengo la mawe lenye ghorofa moja juu, na limekuwa dogo. Tumepata fedha za michoro, na msanifu ameshaleta picha ya jengo jipya la vioo litakaloungana na la zamani kwa nyuma. Tuendelee naye, au kuna kazi inayotangulia? (Katibu wa kamati, Tanga)

Marahaba, Ndugu Katibu. Kazi inayotangulia ipo, na picha ya vioo inaweza kusubiri. Hadi sasa hakuna anayejua kuta zenu zina unene gani, msingi umekwenda chini kiasi gani, wala boriti ngapi zimeliwa. Mchoro unaotangulia majibu hayo utachorwa tena, na mtaulipia mara ya pili.

Anzeni na vipimo vya jengo lilivyo leo, kwa kipimo cha 1:50: ramani ya kila ghorofa, mikato isiyopungua miwili (michoro ya jengo kama limekatwa kutoka paa hadi msingi), na sura zote nne za nje. Mpimaji apime kila chumba pamoja na milalo yake miwili, kona hadi kona. Vyumba vya zamani ni nadra kuwa na pembe mraba. Ukivichora kama mstatili, ukuta mmoja utaonekana mnene kuliko ulivyo, na mhandisi atauhesabia nguvu usiyokuwa nayo.

Kisha nyufa. Kila ufa upewe namba, upigwe picha ukiwa na rula pembeni, na upigiliwe misumari miwili midogo ya shaba, mmoja kila upande. Umbali kati ya misumari upimwe kila mwezi kwa kalipa, kifaa cha kupimia umbali mdogo, siku ileile ya mwezi na saa ileile. Mwaka mzima ndio kipimo cha haki, kwa sababu lazima mpite masika na kiangazi. Ufa unaofunguka na kufunga kwa majira ni pumzi ya jengo. Unaofunguka tu bila kurudi ni msingi au paa linalosukuma, na huo mhandisi miundo auone mapema.

Kazi ya tatu ni kufungua, na hii kamati nyingi huiogopa kwa sababu inachafua. Chimbeni mashimo mawili au matatu ya upana wa mita moja kando ya ukuta, hadi chini ya msingi. Fungueni lipu pale vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, sehemu nne au tano, hasa upande unaopigwa na mvua na chini ya choo. Fungueni na dari. Halafu mvua kubwa ikinyesha, mtu mmoja akae ndani na mwingine azunguke nje na mwavuli, waandike kila tone lilikotoka.

Wakati hayo yanaendelea, andikeni mahitaji yenu kwa namba. Msomaji mmoja aliyeketi mezani anataka kama mita za mraba 2.5, kwa hiyo watu 60 ni mita 150. Vitabu 10,000, kwa kadiri ya vitabu 30 kwa mita moja ya rafu, vinataka mita 333 za rafu. Kabati la pande mbili lenye upana wa mita moja na rafu tano kila upande hubeba mita 10, hivyo mnahitaji makabati 34. Mkishapata orodha, igaweni mafungu mawili: vyepesi na vikavu, kisha vizito na vyenye maji. Meza za kusomea, ofisi, maonyesho na mikutano midogo vinafaa jengo la zamani. Makabati ya vitabu, vyoo, lifti, tangi la maji, jenereta na jiko viende kwenye jengo jipya. Msanifu akishapewa mgao huo, mchoro wake utakuwa na maana.

Vibali vianze sambamba na vipimo, msingoje mwisho. Tanzania Bara mlango wa kwanza ni Idara ya Mambo ya Kale, chini ya sheria ya 1964. Zanzibar, jengo likiwa ndani ya eneo la hifadhi, ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kenya ni Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya 2006. Walioko Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu, ulioingia 2001, wajue kwamba serikali inatakiwa kuiarifu UNESCO kuhusu upanuzi mkubwa kabla ya kufikia uamuzi usiorudishika. Hilo huchukua miezi.

Ukuta wa chini wa ofisi yetu una madoa ya unyevu hadi kimo cha mita moja. Lipu ya saruji tuliyopiga miaka sita iliyopita inatoa sauti ya mvungu ukiigonga. Mkandarasi anashauri tuibandue, tupige saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kisha vigae. (Msimamizi wa jengo, Mombasa)

Mkimfuata, unyevu utapanda juu zaidi. Jiwe la matumbawe lina matundu, na chokaa iliyoliunganisha nayo ina matundu. Maji ya ardhini hupanda humo yakiwa na chumvi, kisha hutoka kupitia lipu na kukauka hewani. Ukuta wa namna hiyo uliishi miaka mia na zaidi kwa kuachiwa utoe jasho. Saruji huziba njia, maji huendelea kupanda hadi yapate pa kutokea, na chumvi hubaki nyuma ya lipu, hukauka, huvimba na kuisukuma. Hiyo ndiyo sauti ya mvungu mnayoisikia. Kwa dawa na vigae doa la mita moja litafika mita mbili, na likikaribia dari litakuta vichwa vya boriti. Hapo gharama inabadilika jina.

Kabla ya kugusa lipu, tafuteni maji yanakotoka. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 100 kwa saa, linamwaga lita 20,000 kwa saa moja. Gata likivuja kwenye kiungo kimoja, sehemu kubwa ya maji hayo inaangukia kona moja ya ukuta. Tazameni pia kiwango cha ardhi nje. Barabara na viwanja hupandishwa kila vinapokarabatiwa, hadi ardhi ya nje inazidi sakafu ya ndani. Ishusheni iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na iinamie nje kwa 1:40 katika mita moja na nusu ya kwanza. Matofali ya kupanga yaliyobana ukuta yaondolewe, paachwe ukanda wa kokoto wa sentimita 40. Mabomba ya choo yajaribiwe kwa maji yenye rangi.

Sasa lipu. Jaribuni kwanza mita moja ya mraba, kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kupasulia isiingie humo. Saruji ikitoka na kuacha uso wa jiwe mzima, endeleeni, hadi nusu mita juu ya doa. Ikitoka na jiwe lenyewe, acheni palipoganda, bandueni palipoachana tu. Ukuta ukishakuwa uchi, chumvi itatoka juu kama unga mweupe. Ipigeni brashi ikiwa kavu kila wiki, kingeni kwa turubai, mkaitupe mbali. Msiioshe, maana maji yatairudisha ndani.

Kukauka ndiko kunakowashinda wengi. Kanuni ya makisio ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 50 unaokauka upande mmoja unataka miezi 20. Pande zote mbili zikiwa wazi, kama 10. Wakubwa wakiwabana kwa tarehe ya ufunguzi, pigeni lipu ya chokaa iliyo dhaifu makusudi, mkijua itakunywa chumvi iliyobaki na itabanduliwa baada ya miaka michache. Waambieni mapema na muandike kwenye mkataba, ili isije kuonekana ni kazi mbovu.

Chokaa yenyewe iandaliwe kabla kila kitu. Ya tanuri isiyozimwa humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka kweli, na tone moja likiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo miwani ya kazi, glavu, na ndoo ya maji safi karibu. Iliyozimwa huchujwa kwenye wavu wa milimita 3, huingia shimoni, na juu yake hukaa maji sentimita tano muda wote. Miezi mitatu ndiyo kima cha chini kwa lipu; ikikaa zaidi inazidi kulainika na kunata. Mkilazimika kutumia ya mfuko, tazameni tarehe na mshike mfuko: wenye mabonge umeshakufa. Ulio mzima ulowekwe usiku kucha kabla ya kuchanganywa.

Kipimo ni chokaa ya shimo ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Mchanga uwe wa mto au machimbo, mkali, uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Wa pwani una chumvi, na ndiyo mnayoikimbia. Kwa sehemu za chini zenye unyevu, ondoeni ndoo nusu ya mchanga muweke vumbi la tofali la kuchoma lililosagwa na kuchekechwa. Linaisaidia chokaa kushika penye maji. Kwa mita za mraba 100 na unene wa milimita 25, mchanganyiko ni mita za ujazo 2.5. Ukijumlisha unaoanguka chini, wekeni 3. Hiyo ni takribani mita 3 za mchanga na mita 1 ya chokaa ya shimo, kwa sababu chokaa hujaza nafasi kati ya chembe na haiongezi ujazo sana.

Pigeni mikono mitatu, yaani matabaka matatu: wa kwanza milimita 10 hadi 12, wa pili hivyo hivyo, wa mwisho 3 hadi 5. Ukuta uloweshwe kabla ya kila mkono. Kati ya mkono na mkono ni wiki moja au zaidi, lipu ikifunikwa magunia yaliyolowana na kunyunyiziwa asubuhi na jioni. Ikikatika nyufa kama wavu wa buibui, imekauka haraka kwa jua au upepo, au ni nene mno. Ikitoka unga ukiipapasa baada ya wiki kadhaa, chokaa ilikuwa mfu au ilinyimwa maji. Na fundi asionekane akitia koleo moja la saruji "ili ishike". Kiasi kidogo cha saruji hudhoofisha chokaa na hakitoshi kufanya kazi ya saruji. Mwishoni pakeni chokaa nyembamba mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki itaziba yale yote mliyoyafungua.

Tunataka ghorofa ya kwanza ya jengo letu iwe ghala la nyaraka. Sakafu ni ya boriti na inaonekana imara, watu wanatembea bila kutikisika. (Mtunza nyaraka, Unguja)

Sakafu ya boriti haitikisiki kwa sababu ni nzito. Wepesi wa kutembea juu yake hauelezi lolote kuhusu akiba ya nguvu iliyobaki. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa kuwa huo ndio urefu ambao mti wa mkoko unaweza kuvuka bila kupinda. Juu ya boriti hupangwa mawe, halafu vifusi na chokaa iliyopondwa, hadi sentimita 25 au 30 kwa jumla. Uzito wake peke yake unakaribia kilo 500 kwa mita ya mraba.

Hapo ongezeni matumizi. Ofisi huhesabiwa kilo 250 kwa mita ya mraba. Chumba cha kusomea chenye kabati za vitabu, 400. Ghala la vitabu au nyaraka ni kilo 240 kwa kila mita ya kimo cha rafu, na lisihesabiwe chini ya 650. Makabati ya kusogea kwenye reli yanazidi hapo kwa mbali. Jibu ni hapana. Nyaraka zishuke chini, tena kwenye jengo jipya, juu ya sakafu ya zege iliyoinuliwa ili maji yasiifikie.

Ghorofa hiyo itumieni kwa ofisi au kusomea, lakini baada ya kuitazama vizuri. Toboeni sehemu moja mhesabu matabaka. Mara nyingi mtakuta saruji iliyomwagwa juu ya sakafu ya zamani kuisawazisha, mara mbili au tatu. Sentimita tano za saruji ni zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba ambazo boriti hazikuombwa ruhusa. Kuiondoa kwa mkono huwarudishia nguvu bila kuongeza mti hata mmoja.

Boriti huoza kichwani, ndani ya ukuta, pasipoonekana. Chomekeni bisibisi kali pembeni kabisa mwa ukuta. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila kusukumwa kwa nguvu, fungueni ukuta. Ya kubadilishwa hubadilishwa moja moja, ikiwa mbili za jirani zimeshikizwa. Majeki yasimame juu ya ubao mpana, na kama chini yake kuna ghorofa nyingine ya boriti, nayo ishikizwe hadi ardhini. Vinginevyo mmehamisha mzigo kwa mgonjwa wa pili. Kichwa kipya kiingie ukutani angalau sentimita 20, kilale juu ya chokaa, na kiachiwe nafasi ya hewa ya sentimita mbili pembeni na nyuma. Kukizungushia saruji ni kukiozesha. Mikoko iko chini ya ulinzi, Bara, Visiwani na Kenya, kwa hiyo agizeni kwa kibali na mapema. Boriti ya kujengea inataka kukaushwa kivulini kwanza.

Msikubali pendekezo la kung'oa sakafu na kumwaga jamvi la zege juu ya kuta za zamani. Sentimita 15 za zege ni zaidi ya kilo 350 kwa mita, ni gumu kuliko ukuta unaolibeba, na nondo zake zitaliwa na chumvi ya mwambao. Chuma kikihitajika, kiwe kisichoshika kutu, daraja la 316.

Neno moja kuhusu kushikiza. Beit el-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883 huko Mji Mkongwe wa Unguja, liliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili walikufa. Jengo la mawe liko hatarini zaidi wakati wa kazi kuliko kabla yake. Mchoro wa kushikiza uchorwe na mhandisi na uwe na tarehe ya kuwekwa na ya kutolewa, kabla fundi hajaondoa jiwe wala boriti ya kwanza.

Upanuzi wetu ufanane na jengo la zamani, na matao na milango ya nakshi, au uwe wa kisasa? Na viungane vipi? (Mwalimu mkuu, Lamu)

Kwa maoni yetu, Mwalimu, usifanane kwa kuiga. Tao la saruji lililochongwa kuonekana la kale linamdanganya mgeni na halimridhishi mwenyeji. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema hivyo pia: kazi mpya isiyoepukika itofautike na ya zamani na ibebe alama ya wakati wake. Kinachofaa kufuatwa ni kipimo. Jengo jipya lisipite kimo cha paa la zamani, madirisha yake yawe marefu na membamba kama ya jirani, ukuta uwe wa rangi ya chokaa, na upana wa vyumba usipanuke ghafla. Hapo litakaa na mwenziwe bila kujifanya yeye.

Kuungana ni suala la maji na msingi. Wekeni kati yake ukumbi mwembamba wa kupitia, upana wa mita mbili au tatu, wenye paa jepesi. Uingie jengo la zamani kupitia dirisha lililopo, kwa kushusha kizingiti chake hadi sakafuni, badala ya kutoboa tundu jipya. Ukuta mpya usiguse wa zamani: acheni pengo la sentimita 2.5 hadi 5 kuanzia msingi hadi paa, lifunikwe kwa bati laini lililoingizwa kwenye kiungo cha chokaa upande wa zamani na kuachwa huru upande mpya. Jengo jipya litatulia chini miaka yake ya mwanzo. La zamani limeshatulia. Vikifungwa pamoja, jipya litalivuta. Paa jipya lishushe maji mbali na ukuta wa zamani. Gata lililobanwa katikati ya mapaa mawili litaziba majani mwaka wa kwanza, na hapo mmerudi kwenye barua ya Mombasa.

Msingi wa kale unaweza kuwa na kina cha sentimita 60 tu. Mkichimba mtaro wa mita moja na nusu kandokando yake, mnautoa udongo unaoushikilia. Nguzo mpya zikae mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukutani, na sakafu inyooshe mkono kulifikia jengo la zamani. Pasipowezekana, chimbeni vipande vya mita moja kwa kuruka, kimoja kijazwe zege na kukauka kabla jirani yake hajafunguliwa. Rola la kutetemesha lisikaribie. Shindilieni kwa mkono. Na katika mji kama wenu, shimo lolote linaweza kutoa vyungu au msingi wa nyumba iliyotangulia. Tengeni wiki mbili za mtaalamu wa mambo ya kale ndani ya ratiba, ili wakati huo usihesabiwe ucheleweshaji.

Mlango wetu mkuu una ngazi nne, jumla sentimita 68. Watu wa viti vya magurudumu wanabebwa. (Afisa ustawi, Mtwara)

Kwa mteremko wa 1:12, sentimita 68 zinataka njia ya mita 8.2, pamoja na majukwaa ya mita moja na nusu juu na chini: kama mita 11.2. Upana usipungue mita 1.2, na pande zote mbili ziwe na mkono wa kushika, kimo cha sentimita 90. Njia hiyo ikiwekwa mbele ya mlango mkuu itafunika sura yote ya jengo. Bora sakafu ya jengo jipya iwe kimo kimoja na ya zamani, na uwanja wa nyuma uinuliwe polepole kwa 1:20, mita 13.6, ambao kila mtu ataupita bila kuhisi kuwa ni njia ya wagonjwa. Lifti ikae jengo jipya: lifti ya kawaida inataka shimo la zaidi ya mita moja chini, ambalo halichimbwi kando ya ukuta mkongwe.

Mlango wa nakshi usipanuliwe. Bawa lake moja mara nyingi halifiki sentimita 80 anazohitaji mtu wa kiti, kwa hiyo mabawa yote mawili yawe wazi saa za kazi, na kizingiti cha chini kiwekewe mbao za mteremko pande zote mbili zinazoondoleka.

Nyaya na viyoyozi vipite wapi? (Fundi umeme, Mombasa)

Juu ya ukuta, kwenye bomba la chuma au shaba lililopangwa kwa nidhamu, likifuata kona na boriti. Usichimbe mifereji kwenye ukuta wa matumbawe; ukishachimba utaziba kwa saruji. Misumari na skrubu ziingie kwenye chokaa ya kiungo, si kwenye jiwe. Kiyoyozi kitafute nafasi jengo jipya. La zamani lina kuta nene na madari marefu. Fungueni madirisha yaliyozibwa na muweke feni kwanza. Mkilazimika, bomba la maji yake lifike hadi kwenye mfereji wa ardhini. Tone linalodondoka ukutani mchana kutwa ni lita kadhaa kwa siku, kila siku.

Makandarasi watatu wametupa bei ya jumla, zinapishana karibu mara mbili. Tuchague ya chini? (Mweka hazina, Bagamoyo)

Bei zinapishana kwa sababu kila mmoja amekisia kilichomo ndani ya kuta. Wa chini atadai nyongeza baadaye, wa juu ameshailipisha hofu yake. Gawanyeni kazi. Mkataba mdogo wa kwanza uwe wa kufungua, kushikiza na kuziba paa kwa muda. Baada yake mkadiriaji majenzi aandike orodha ya kazi na vipimo halisi, na yasiyojulikana, kama idadi ya boriti za kubadilisha, yawekewe bei ya kimoja kimoja, yapimwe yanapofanyika. Akiba ya dharura kwa jengo jipya ni asilimia 5 hadi 10. Kwa la zamani wekeni 15 hadi 20, na isiguswe kwa kununulia samani.

Ratiba ifuate mvua. Paa lifunguliwe kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Shimo la chokaa lichimbwe siku mkandarasi anapokabidhiwa eneo, ndipo miezi mitatu ipite bila kumngoja mtu. Jengo jipya lijengwe kwanza, watumishi na mali wahamie humo, halafu la zamani likarabatiwe likiwa tupu. Mtaokoa kodi ya kupanga kwingine na vumbi halitaingia kwenye majalada.

Kabla ya kazi kubwa, kila fundi apige kipande cha mfano cha mita moja kwa mbili, kikae mwezi, kikubaliwe kwa maandishi, na kibaki hapo hadi mwisho kama kipimo cha wengine. Waashi wa chokaa walipwe kwa siku. Wakilipwa kwa mita watapiga mkono wa pili juu ya wa kwanza ulio bado mbichi, na hakuna msimamizi atakayewazuia wote. Fedha mnayomshikilia mkandarasi baada ya kukabidhi msiiachie kabla ya masika moja kamili kupita, hata kama miezi ya mkataba imekwisha Februari. Kwa hiyo andikeni hivyo tangu mwanzo, kwenye zabuni yenyewe.